Mzee Asahauye na Haki Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baad:

Mtu wa pwani afikaye Singida kununua mafuta ya alizeti huona mashine ikikamua, mafuta yakatoka huku na mashudu huku. Mashudu hayatupwi, hulishwa ng'ombe na kuku. Walakini yakiachwa yajae ndani, mashine hukwama.

Mwili wa mwanadamu ni mfano wa hayo. Umejengwa kwa chembe hai zisizoonekana kwa jicho, na kila chembe huzikusanya taka zake, ikazivunja, kisha ikavitumia vipande vyake kujijenga upya. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliichungua kazi hii katika hamira, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2016. Chembe za ubongo zina haja kubwa zaidi ya usafi huu, kwani nyingi katika hizo hudumu umri wote wa mtu, hazipati badala. Uzeeni usafi hulegea, taka zikarundikana. Na matabibu waona kuwa hiyo ni moja katika sababu za maradhi ya kusahau yaitwayo Alzheimer, na ya kutetemeka yaitwayo Parkinson.

Wala maradhi haya si ya Ulaya tu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa katika kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, wapatao 6 wamepotewa na kumbukumbu na fahamu kwa ugonjwa.

Basi ni dhuluma iliyoje mzee atembeaye usiku asijue aendako kuitwa mchawi! Katika mikoa ya bara, Singida ikiwamo, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Na pwani wako wamfichao mzazi chumbani kwa kuona haya. Hali yaelezwa katika Suratu Nnahl kwamba wako warudishwao kwenye umri dhaifu, wasijue walilokuwa wakilijua. Na katika Suratul Israi mtoto amekatazwa kumguna mzazi aliyefikia uzee.

Wengine husema saumu huusafisha ubongo. Dalili zimeonekana kwa wanyama. Kwa binadamu haijathibiti kuwa huzuia maradhi haya. Afungaye na afunge kwa ajili ya Mola wake, wala asimnyime mzee mgonjwa chakula na maji kwa kutaraji dawa.

Mzee akilisahau jina la mwanawe, Mwenyezi Mungu hakuisahau haki ya mzee juu ya mwana huyo.

Wallahu aalam.