Shati Lisilo na Deni

Nguo iliyomchosha mwenyewe ina njia yake iliyozoeleka hapa pwani. Humtoka dada mkubwa ikamfuata mdogo, humtoka aliye Malindi mjini ikapanda matatu hadi Magarini au Ganze, na kote huko bei haitajwi. Ndiyo maana anayeuza nguo zake mwenyewe hutazamwa kwa jicho la huruma: huyo yamemfika. Wengi huona heri kabati lifurike kuliko jirani aone gauni lao la Idi limetundikwa kibandani.

Hata hivyo nguo zinauzwa. Masika yakiingia, watalii wengi wa Kiitaliano wamesharudi kwao, hoteli za Malindi na Watamu zinapunguza watu au kufunga kabisa, na karo ya muhula wa pili haijui msimu. Hapo mfuko wa nguo hupelekwa kwa muuzaji kwa mali kauli: leo hakupi kitu, anauza, anakata chake, kinachobaki ni chako.

Mtazame mama wa mitumba wa soko la Charo wa Mae, mjini Kilifi, akipokea mzigo wa namna hiyo. Anageuza kola, anachungulia makwapa, anavuta zipu juu na chini, anatia mkono mifukoni. "Ulilinunua elfu mbili, sawa dadangu, lakini hapa ni mia nne. Likienda, mia moja yangu." Mwenye gauni anaanza kueleza kwamba alilivaa harusi ya mdogo wake, mara moja tu. Mama ameshashika nguo inayofuata.

Hukumu hiyo inauma, lakini ni ya haki. Ile harusi haikushonewa ndani ya gauni. Ni ya aliyehudhuria, na atabaki nayo hata gauni likienda. Kinachouzwa ni kitambaa, zipu na miaka iliyobaki ya kuvalika, na kwa hayo mia nne si dharau.

Mtu atasema: basi si bora kumpa mwenye shida bure? Kutoa ni jambo jema, na udugu usiotoa si udugu. Lakini tuseme kweli kuhusu zawadi zetu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ya kupewa mara nyingi haina tofauti kubwa. Mpwa anaingia matangani amevaa vizuri, na mjomba anapaza sauti mbele ya watu: "Lile shati langu limekukaa, eh!" Mpwa anacheka. Mwaka wa tatu huu analivaa, na bado ni shati la mjomba. Wala hakulichagua: alipewa, akashukuru, rangi ikampenda isimpende.

Mnunuzi wa Charo wa Mae hana mzigo huo. Analivuta shati, analirudisha, analalamikia kifungo, anaondoka, anaitwa. Akishatoa shilingi mia amepata shati pamoja na haki ya kulisema vibaya. Fedha, ambayo tunailaumu kwa kuvunja udugu, hapa imemkatia deni la shukrani lisilo na mwisho.

Mambo ni hayo hayo katika mitumba yote. Mtu wa Uingereza au Ujerumani hutoa nguo kama sadaka, nazo huuzwa kwa uzani, zikafungwa marobota ya kilo 45 na kushushwa bandarini Mombasa. Wako wanaoona aibu hapo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuyaondoa mavazi haya sokoni kufikia 2019, na heshima ilikuwa miongoni mwa hoja. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa biashara na Afrika. Kenya ilikuwa imesharudi nyuma. Hoja ya viwanda na mafundi wetu ni nzito na haijajibiwa. Lakini ya heshima naona ilikosea mlango. Haivunji heshima kwamba mwili mwingine ulitangulia kuvaa. Kinachoivunja ni kuvishwa kisha kukumbushwa.

Ndipo ninapomthamini muuzaji wa katikati. Mji mdogo kama Malindi una macho mengi, naye hamtaji mwenye nguo wala aliyeinunua. Mtaji wake ni daftari na ulimi uliotulia. Akidanganya bei mara moja, mali kauli imekwisha.

Basi fungua kabati. Kilichoombwa na ndugu, mpe, na usikitaje tena. Kingine mpelekee muuzaji mwaminifu na uikubali bei yake. Na kile ambacho hata yeye amekikataa, usikisafirishe kijijini ukakiita sadaka. Hicho ni tambara: kipigie deki.