Ubao Ulio Karibu na Mkuku

Tulipotaka kuuza mashua ya usharika wetu, dalali alitushauri vizuri: toeni maji ndani, kwangueni tumbo lake, tieni kalafati mpya, andikeni kila kifaa kinachokwenda nayo. Hayo yote ni haki. Chombo kichafu humficha mnunuzi anachonunua.

Lakini karibu na mkuku palikuwa na ubao ulioliwa na wadudu wa baharini; kisu kilizama. Dalali akasema, "Mchungaji, pakeni rangi tu. Akiuliza, nitajibu mimi." Tulinyamaza siku mbili. (Fedha hiyo tulikuwa tumeshaipangia mabati ya kanisa.)

Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anaweka bidhaa za hila chini ya amri ya saba, Usiibe. Je, ulimi ukiwa wa dalali, wizi si wetu tena? Na atakayekuwa baharini usiku maji yakiingia ni mvuvi, si dalali wala sisi.

Tuliuacha ubao ule bila rangi, tukamwagiza dalali auonyeshe kabla ya kutaja bei. Wawili waliondoka. Wa tatu, fundi, alichoma kisu mwenyewe, akatoa bei ndogo kuliko tuliyotarajia. Mabati bado hayajatosha.