Woodvale, albamu isiyokuwapo

Mwaka 2020 Taylor Swift aliwashtukiza mashabiki wake kwa albamu mbili: folklore mwezi Julai, evermore mwezi Desemba. Wengine wangetulia wakasikiliza. Wao wakauliza ya tatu iko wapi.

Hawakuizua hivi hivi. Kwenye jalada mojawapo la folklore, juu kabisa katikati ya miti, palikuwa na neno lililofifia: woodvale. Lina herufi nane, na folklore ina nane. Basi! Albamu ya tatu ikawa imeshapata jina, na watu wakaiapia. Desemba hiyo hiyo Swift alieleza kwenye kipindi cha Jimmy Kimmel kwamba lilikuwa jina la bandia. Kwa kuhofia jina halisi lisivuje, alitumia neno lenye idadi ile ile ya herufi ili aone jalada litakavyokaa, kisha kwenye jalada moja likasahaulika kufutwa.

Wapo waliomwamini. Wengine wakasema: hivyo ndivyo angesema mtu anayeficha albamu.

Siwalaumu wao peke yao. Swift mwenyewe ndiye aliyewafundisha kusaka. Katika vijitabu vya CD zake za mwanzo alificha ujumbe kwa kuchanganya herufi kubwa na ndogo ndani ya mashairi ya nyimbo. Ukishamzoesha mtu kwamba kila jani lina siri, siku ukimwambia hili ni jani tu, hakusikii.

Ikaja zamu ya albamu ya reputation. Tangu 2021 Swift alikuwa akitoa upya albamu zake za zamani, kwa sababu rekodi asilia zilikuwa zimeuzwa kwa watu wengine. Nne zilipokwisha kutoka, hiyo ya 2017 ikawa inasubiriwa kwa hamu. Akivaa nyeusi, ni reputation. Akionekana na pambo la nyoka, alama ya albamu hiyo, imekaribia. Kuelekea tuzo za Grammy za Februari 2024, picha yake mitandaoni iligeuka nyeusi na nyeupe, na tovuti yake ikaonyesha hitilafu yenye herufi zilizovurugwa. Ukizipanga, zinasomeka “red herring”, yaani kidokezo cha kupotosha watu. Mtu anakuandikia kabisa kwamba anakuzuga, na bado unashangilia! Usiku wa tuzo alitangaza albamu mpya kabisa, The Tortured Poets Department.

Hata hapo msako haukukoma. Mei 2025 uvumi ulishika kwamba reputation ingetangazwa kwenye tuzo za muziki za Marekani. Swift hakutokea hata ukumbini. Siku chache baadaye, tarehe 30, akatoa barua: amezinunua rekodi zake zote za zamani, na kuhusu reputation, alikuwa hajarekodi upya hata robo yake. Kila alipojaribu, alikwama. Aliyokuwa amemaliza kuirekodi upya yote ni albamu yake ya kwanza, ya 2006, ambayo haina nyoka hata mmoja.