Usonji: Je, Ni Ulemavu? (Marko 7:31–37)



Neno la mwezi huu tumelihubiri mara nyingi, wala hatukuliona vema mpaka tulipofundishwa na mama mmoja wa huku kwetu Mgololo. Someni kwanza Marko 7, tangu mstari wa 31 hata wa 37, ndipo mrudi katika barua hii.

Mama huyo, ambaye jina lake hatulitaji, ana mwana wa kiume mwenye umri wa miaka 13. Kijana hasemi, ila maneno machache ayarudiayo kama alivyoyasikia. Hamtazami mtu usoni. Hupenda kupanga vitu kwa safu, na mtu akiondoa kimoja yeye hulia mpaka kirudishwe mahali pake. Malori ya magogo yapitapo kwenda kiwanda cha karatasi, huziba masikio na kujikunyata chini. Jumapili moja, alipokuwa na miaka 7, matarumbeta yalipigwa mlangoni pa kanisa, naye akapiga ukelele, akajipiga kichwa kwa ngumi, akaanguka kati ya viti. Watu wote waligeuka. Mzee mmoja akaanza kukemea pepo kwa sauti kuu. Nasi tuliosimama madhabahuni, tulifanya nini? Tulimwashiria mwinjilisti awatoe nje mama na mtoto wake, ili ibada iendelee kwa utaratibu.

Ibada iliendelea kwa utaratibu. Mama hakurudi muda wa miaka 6.

Hatuandiki haya ili tusifiwe kwa toba yetu, iliyokawia. Twayaandika kwa kuwa yamkini katika usharika wako pia yuko mama wa namna hiyo, na jina lake lingali katika kitabu cha washarika, ila kiti chake ki tupu. Tulipomwendea nyumbani mwaka jana, alitukaribisha kwa heshima, akatupa viti. Tukamsihi arudi. Akajibu, “Baba Mchungaji, nitakuja siku atakaponyamaza.” Kisha akatuonyesha karatasi ya kumwandikishia mtoto shule. Palikuwa na mahali pa kuandika kama mtoto ana ulemavu, naye alikuwa amepaacha patupu. Akatuuliza, “Je, mwanangu ni mlemavu? Miguu yake ni mizima, macho yake ni mazima. Nikiandika hivyo, si nimemlaani kwa mkono wangu mwenyewe?”

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulirudi, tukasoma, tukauliza matabibu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Hali hii huitwa usonji. Mtu huzaliwa nayo, nayo huanza kuonekana katika utoto. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Wenye usonji hawafanani: wako wasiosema maisha yao yote, na wako wasemao sana, wenye elimu kubwa, lakini wasioweza kuelewa mzaha wala kustahimili mkono wa mtu begani. Wengine wana kifafa pamoja na usonji. Hao wapelekwe hospitalini, tena upesi, wala mtu asidhani kwamba kumeza dawa ni kupungukiwa na imani.

Mwaka 1943 daktari mmoja wa Marekani, Leo Kanner, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Baada yake wakatokea wasomi waliosema kwamba chanzo ni mama asiyempenda mtoto wake, mwenye moyo wa baridi. Mafundisho hayo yaliwaumiza wazazi wengi miaka mingi, hata yakaonekana kuwa ya uongo. Basi tusidhani kwamba ujinga ni wa kwetu tu. Huku watu hutafuta mchawi, huko walitafuta kosa la malezi. Njia zilikuwa mbili, lakini zote zilifika mlango mmoja, mlango wa mama.

Wala sisi Walutheri tusijifiche nyuma ya baba zetu. Wale waliokula mezani pa Dakta Martin Luther waliandika kwamba alinena habari za mtoto wa miaka 12 huko Dessau, ambaye kazi yake ilikuwa kula na kupiga kelele. Akashauri azamishwe majini, kwa kuwa alimdhania kuwa mwili tu usio na roho. Hali ya mtoto yule ilikuwa nini, hakuna awezaye kuipima leo. Wako wataalamu wenye shaka kama maneno yale yaliandikwa sawasawa na yalivyosemwa. Lakini yaliandikwa, nasi twaitwa kwa jina la Luther. Basi yatupasa kuyakataa waziwazi, tusiyafunike.

Sasa turudi kwa swali la mama. Je, usonji ni ulemavu? Twajibu: ndiyo, nao huhesabiwa hivyo katika nchi yetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mtazameni jinsi sheria hiyo inavyoueleza ulemavu, maana sisi wahubiri tungeona haya. Haisemi habari ya mguu uliokatika wala jicho lililopofuka tu. Yaueleza kuwa ni mtu kukosa, au kupunguziwa, nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wenzake, kwa sababu za mwili, za akili, au za jamii yenyewe. Sababu za jamii yenyewe! Basi Jumapili ile, kijana aliingia kanisani na usonji wake, lakini nafasi yake ya kukaa kati ya watu wa Mungu ni sisi tuliyoiondoa, kwa ishara ya mkono.

Wako watu wenye usonji, hasa Ulaya na Marekani, wasemao kwamba hali yao ni namna nyingine tu ya kuwa mtu, wala hawataki kuitwa walemavu. Hatubishani nao, wao wajijua. Lakini kwa mama wa Mgololo, asiye na mtu wa kumshikia mtoto aendapo shambani, jina hili ni hati ya deni. Linamwezesha kuidai shule, kuidai serikali, na kutudai sisi. Kwa hiyo tulimshauri aandike. Si laana, laana ilikuwa katika kukemea kule.

Sasa tazameni Neno letu. Watu wa Dekapoli wamleta kwa Yesu kiziwi ambaye ulimi wake ni mzito. Wataka amwekee mkono palepale, watu wote waone. Yeye hafanyi hivyo. Kabla ya kunena lo lote amwondoa yule mtu katika makelele, amweka kando, mbali na macho ya watu. Kisha asema naye kwa vidole: amgusa masikio, amgusa ulimi, atazama juu mbinguni, augua. Asiyesikia maneno ameambiwa kwa njia aiwezayo. Sisi wahubiri hukimbilia mwisho wa habari, masikio yafunguke, tupige vigelegele. Hatusemi kwamba mkono wa Bwana umefupika. Walakini hatukuagizwa kumwahidi mama kwamba mwanawe ataamka kesho akisema. Lakini jambo lile la kwanza, kumtoa mtu katika makelele na kusema naye kwa njia aiwezayo, halihitaji muujiza. Mwinjilisti ye yote aliweza.

Nanyi wainjilisti mtauliza habari ya Kipaimara: kijana asiyeweza kuzikariri Amri Kumi, atajibuje mbele ya usharika? Twawauliza ninyi: siku ya Ubatizo wake alijibu nini? Luther huyuhuyu alifundisha kwamba Ubatizo wasimama juu ya Neno la Mungu, si juu ya akili ya abatizwaye. Ndiyo maana twabatiza watoto wachanga wasiojua lo lote. Kama neema ilimpokea kabla hajasema, haimfukuzi kwa kuwa hakusema baadaye. Kanisa letu lina mahali pa kujifunzia kazi hii: Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ina shule ya Irente Rainbow huko Lushoto, iliyoanza mwaka 2005, ifundishayo watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Ni mbali mno na Mufindi, twajua. Lakini mwinjilisti wetu alikata karatasi ngumu, akachora maji, mkate, kikombe na msalaba, akamfundisha kijana nyumbani kwao, robo saa kila mara, pasipo watu wengine. Sasa kijana huzipanga picha hizo kwa safu, na mkate ukikosekana huutafuta.

Wazee wa usharika hawajapatana kama hayo yatosha kumleta Mezani pa Bwana. Sisi twasema yatosha, na tutalisema tena katika kikao.

Matarumbeta tumeyahamisha, hupigwa baada ya baraka, huko nje penye miti. Wapigaji walinung'unika kidogo. Jumapili ya kwanza mama alikaa karibu na mlango hata wimbo wa tatu, kisha wakatoka. Ya pili mvua ilinyesha, hawakuja. Ya tatu walikuja mapema, kijana akaenda moja kwa moja kwenye meza ya vitabu vya Mwimbieni Bwana, akaanza kuvipanga, mgongo kwa mgongo, wala hakuna mtu aliyemzuia.