Jaribio la Kumi na Nne

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu usiku, na majaribio 14 yalikuwa mekundu.

Kwa asiyefanya kazi hii, nieleze kidogo. Mfumo wa wavuti una sehemu iitwayo kontrola. Ni kama karani wa mapokezi: anapokea ombi lako, kisha anaamua akufungulie ukurasa, akupeleke kwingine au akukatalie. Sisi tunaoandika programu huandika pia majaribio ya kumpima karani huyo. Mtu fulani akija na ombi fulani, tunatarajia ajibiwe hivi. Kompyuta huyaendesha yote yenyewe. Jibu likilingana na matarajio, rangi ni kijani. Lisipolingana, ni nyekundu, na chini yake huandikwa mambo mawili: kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Mfumo wetu ulikuwa wa vikundi vya kuweka na kukopa. Mwanachama anaingia kwa namba yake ya simu, anaona akiba yake na deni lake. Mchana ule nilikuwa nimeongeza ukurasa wa mhazini, ili aone mikopo ya kikundi kizima. Kesho yake saa nne asubuhi tulitakiwa kuwaonyesha wateja.

Nikaanza kusoma jaribio moja moja. La kwanza lilitarajia 200, yaani “karibu, ukurasa huu hapa”, likapata 302, yaani “nenda kwingine”. La pili hivyo hivyo. La tatu vilevile. Sababu haikuwa ngumu. Kurasa za ratiba na matangazo zilikuwa wazi kwa kila mtu, nami siku ile nilikuwa nimeweka sharti kwamba mtu aingie kwanza kwenye akaunti yake. Majaribio ya zamani hayakuwa yakiingia, kwa hiyo karani aliyarudisha mlangoni, na alikuwa sahihi. Nikaongeza mstari mmoja kwenye maandalizi ya majaribio. Kumi na matatu yakageuka kijani.

Lililobaki lilitarajia 404, yaani “hakuna kitu kama hicho”. Lilipata 200.

Nilikuwa nimechoka. Kengele ikilia bure mara 13, ya 14 huisikii tena kama kengele. Nikampigia kiongozi wa timu.

“Dada, si ubadilishe tu hilo jaribio?” akasema. “Hilo la zamani.”

Nikafuta 404, nikaandika 200. Kijani tupu. Sitaficha, nilifurahi.

Nilipokuwa nikifunga kompyuta, nikaliona jina la jaribio lile. Mwenzetu aliyeliandika alikwishaacha kazi, lakini alikuwa na desturi ya kuyapa majaribio majina marefu. Hili aliliita “mwanachama haoni mkopo wa mwenzake”. Na sasa, chini ya sentensi hiyo, mimi nilikuwa nimeandika kwamba akiomba kuuona, aonyeshwe.

Nikafungua kivinjari, nikaingia kama mwanachama wa kubuni, nikafungua mkopo wake. Anwani iliishia na namba 17. Nikaifuta, nikaandika 18. Likaja jina la mwanachama mwingine, kiasi alichokopa, na miezi aliyochelewa kulipa.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la mstari mmoja. Awali kontrola ilitafuta mkopo miongoni mwa mikopo ya yule aliyeingia tu. Kwa ajili ya mhazini, niliifanya itafute kwenye mikopo yote, na mlango niliomfungulia yeye ukabaki wazi kwa kila mtu. Si kosa la ajabu. OWASP, wanaoorodhesha hatari kubwa za usalama wa programu za wavuti, katika orodha yao ya 2021 waliweka udhibiti mbovu wa ruhusa namba moja.

Lakini mimi sikuifikiria orodha. Nilimfikiria mama yangu, ambaye yumo katika kikundi cha namna hii. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika kikundi chao kata ni mhazini. Mama aliyekopa ada ya mwanawe hataki kukutana na deni lake midomoni mwa watu gengeni.

Tangu usiku ule nayatazama kwa jicho jingine yale maneno mawili, kilichotarajiwa na kilichopatikana. La kwanza ni ahadi, la pili ni tendo. Yakigombana, unaweza kuyapatanisha kwa kurekebisha tendo, au kwa kuibadilisha ahadi ifanane na tendo. Rangi itakuwa ileile. Ahadi ni deni, nasi wenye daftari tunaweza kulifuta deni bila kulilipa.

Hata hivyo, si kila anayebadilisha jaribio anadanganya. Wiki chache kabla, jaribio moja lilitarajia kwamba mtu akishalipa rejesho arudishwe ukurasa wa mwanzo. Tulikaa, tukakubaliana kwamba ni heri apelekwe kwenye risiti yake. Nilibadilisha jaribio lile bila wasiwasi. Basi tofauti ni nini, ikiwa mkono ni uleule na mstari ni mmoja?

Nadhani ni hii: je, ninaweza kusimama mbele ya niliyemwahidi na kumweleza badiliko hilo? Habari ya risiti ningemwambia mwanachama yeyote, naye angeshukuru. Lakini nisingeweza kusimama kwenye mkutano wa akina mama wale na kutangaza kwamba kuanzia leo kila mmoja atasoma deni la mwenzake. Ahadi ile niliibadilisha kwa sababu wao hawakuwepo, na mimi nilitaka kulala.

Nikarudisha 404. Nikamtengenezea mhazini njia yake peke yake. Saa sita kasoro yote 14 yalikuwa kijani.

Asubuhi nilimsimulia kiongozi wa timu yote, pamoja na lile badiliko la kwanza, ambalo halikuwa limetoka kwenye kompyuta yangu. Akacheka. “Lakini si umerekebisha? Sasa unakiri nini?”

Sikuwa na jibu. Tukaingia kwenye kikao. Mteja mmoja, mama wa makamo, aliuliza swali moja tu: “Na jirani yangu ataweza kuona langu?”

“Hapana, mama,” nikasema. Nilishusha macho kidogo nilipolisema.