Dakika Mbili Kati Yenu



Leo nataka tuzungumze juu ya siku mbaya. Sisemi ndoa mbaya, nasema siku mbaya. Hivyo ni vitu viwili, na wengi wetu tumeumia kwa kuvichanganya.

Mimi ni katekista hapa Banissa, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Wakatoliki huku ni wachache, wengi wao walimu, wauguzi na askari waliotumwa kazini kutoka sehemu nyingine za Kenya, na karibu kila mmoja amemwacha mwenzi wake nyumbani. Jioni moja, baada ya sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo, mwalimu mmoja kijana anayependa baiskeli alitusimulia juu ya mashindano ya Cape Epic huko Afrika Kusini. Mwanzoni nilicheka. Baiskeli na ndoa vinakutania wapi? Alipofika kwenye sheria zake, nikanyamaza.

Mashindano hayo yalianza mwaka 2004. Huchukua siku 8, kwa baiskeli za milimani, katika njia za mawe, mchanga na vilima, na jumla ya safari hupita kilomita 600. Washindani huenda wawili wawili. Wawili hao hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika 2. Mwenye nguvu akimkimbia mwenzake, timu nzima huadhibiwa kwa kuongezewa muda. Na saa inayohesabiwa ni ya yule anayefika wa mwisho. Hebu fikiri, ndugu msomaji: hata ukifika kwanza ukakaa kivulini na kunywa maji, bado hujafika mpaka mwenzako afike.

Watu wa Afrika Mashariki wamepita huko pia. Mwaka 2007 waendesha baiskeli wa Rwanda walishiriki, akiwamo Adrien Niyonshuti, kijana aliyepoteza ndugu zake 6 katika mauaji ya kimbari ya 1994. Baadaye, mwaka 2012, alibeba bendera ya nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya London na kushindana katika baiskeli za milimani. Alikuwa wa 39. Wengine walishindwa kumaliza siku ile, yeye alimaliza.

Sasa turudi kwenye siku mbaya. Siku ya kwanza kila mtu ana nguvu na maneno matamu, kama siku ya arusi. Siku ya mwisho mtu husukumwa na harufu ya nyumbani. Taabu iko katikati. Miguu imekuwa mizito kwa uchovu wa jana, jua limepanda, kilima kimoja kinafuatwa na kingine, na mtu anaanza kusema moyoni: nilikuja kufanya nini huku? Kisha anamtazama mwenzake na kuona kwamba kosa ni lake. Anapumua vibaya. Amechelewa kufunga viatu. Hata mgongo wake unaudhi!

Mwalimu alitufafanulia jambo ambalo sikulijua. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini, na kwa kazi ngumu akiba hiyo huisha baada ya saa mbili hivi kama mtu hali kitu njiani. Ikiisha, miguu hulegea, na si miguu peke yake. Akili nayo huingia giza. Mtu huwa mkali, hulia, hutaka kuitupa baiskeli. Anadhani ameichukia safari, kumbe ana njaa. Kwa hiyo wazoefu hula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu, na jioni, hata wakiwa wamechoka namna gani, huosha mnyororo, huangalia magurudumu, hula na kulala. Hawaamui kujitoa wakiwa juu ya kilima na tumbo tupu. Hufika kwanza kwenye kituo cha maji.

Niliposikia hayo nilimkumbuka nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alikuwa amekimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakubishana naye. Hakumhubiria hata neno moja. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Ndipo Eliya akaweza kutembea siku 40 hadi mlima Horebu, na huko ndiko alikoulizwa habari zake. Sisi wanandoa huanza na maswali, tena saa nne za usiku.

Nakiri kwenu kosa langu. Mwaka fulani, siku ya joto kali, nilizunguka tangu asubuhi kutafuta mtu wa kunikopesha karo, nisipate. Sikula chochote. Jioni mtandao uliporudi, nilikuta ujumbe wa mama watoto: mtoto amerudishwa nyumbani, na ng'ombe tuliyemtegemea amekufa. Nilimjibu kwamba tangu nimwoe sijapata raha. Maneno machache tu, lakini nilikuwa nimemkimbia mwenzangu, nikamwacha na mtoto na mzoga wa ng'ombe. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye kilima siku ile, mimi nilidhani ni mimi. Na mimi nilikuwa najiita mwalimu wa ndoa!

Hapa niseme jambo moja waziwazi, maana neno “vumilia” limetumiwa vibaya hata na sisi watu wa Kanisa. Katika mashindano yale kuna madaktari. Mtu akivunjika mfupa hawamwambii aendelee kwa sababu wenzake wanaendelea. Humtoa njiani wamtibu. Mama anayepigwa, au baba anayepigwa, hayumo katika siku mbaya ninayoizungumzia. Amejeruhiwa. Huyo aende mahali penye usalama, aende hospitali, polisi na kwa Padre, wala katekista asimrudishe kwa mistari ya Biblia.

Lakini ninyi ambao mmechoka tu, mmechelewa mshahara, mmekesha na mtoto mgonjwa, angalieni kwanza kama mwenzako yuko karibu. Mwenye nguvu leo atangulie kukinga upepo, maana anayefuata nyuma hutumia nguvu kidogo, kesho mtabadilishana. Asiyeweza kwenda haraka aseme, asijikaze kimya mpaka aanguke. Aliye mbali kikazi, kama sisi wa Banissa, apige simu hata akiwa hana la kusema.

Siku mbili mama watoto hakupokea simu. Siku ya tatu jioni nilipanda kilima kidogo nyuma ya nyumba, penye mtandao, nikiwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba msamaha. Alipokea. Kabla sijasema hata moja, aliniuliza, “Baba watoto, umekula?”