Niliyoyaona Tullamore yakanirudisha Lushoto kwa mjomba

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake, maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema.

Ndugu msomaji, leo sina mada ya kumsema mtu mwingine. Leo najisema mwenyewe. Nimeona niandike kwa sababu kosa nililolifanya nakutana nalo katika misikiti yetu ya mijini karibu kila wiki, na wanaolifanya ni watu wanaoipenda dini yao kama nilivyoipenda mimi.

Januari mwaka 2005 nilipanda kutoka Dar es Salaam kwenda kula Idd el-Hajj nyumbani, milimani Usambara. Anayeijua njia ile ya kutoka Mombo anaijua: unaiacha bonde yenye joto na mkonge, unazunguka kona baada ya kona hadi Soni, na ukifika Lushoto umeshatafuta koti. Kijiji chetu kipo juu ya Soni. Huko ndiko alikokuwa mjomba wangu, ndugu yake mama, mzee aliyejulikana kwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe kichwani kujenga msikiti wa kijiji. La pili, alikuwa fundi wa ngoma ya mdumange, ngoma ya Wasambaa.

Wakati ule nilikuwa nimesoma vitabu vitatu vinne, nimehudhuria darsa za Kariakoo, na nikajiona nimefika. Nikasikia kuwa wiki ya Idd mjomba atapiga ngoma kwenye harusi ya jirani. Basi baada ya swala ya Adhuhuri nikasimama mbele ya safu, nikaomba ruhusa ya kutoa nasaha. Sikutaja jina, lakini kijiji ni kidogo. Nilisema wapo wazee wenye mvi wanaoujaza msikiti mchana na kumtumikia shetani usiku. Watu wakainamisha vichwa. Mjomba akachukua kofia yake, akatoka taratibu. Nikarudi Dar nikiamini nimekataza maovu.

Mwaka 2008 Allah akanijaalia nafasi ya masomo ya mwaka mmoja Dublin, Ireland. Waislamu wa kule si wengi, lakini wapo. Ijumaa nilikuwa nikiswali katika Kituo cha Kiislamu cha Clonskeagh, kilichofunguliwa mwaka 1996. Mwishoni mwa Agosti, Shaabani ikielekea ukingoni, mwanafunzi mwenzangu akanialika kwao, karibu na mji wa Tullamore, katikati ya nchi. Akaniambia kuna tamasha la muziki na utamaduni wao, liitwalo Fleadh Cheoil. Nilisita. Mwisho nikaenda, kwa kuwa mwenyeji wangu alikuwa mtu mwema na sikupenda kumvunja moyo.

Nieleze nilichokiona bila kupunguza. Pombe ilikuwepo, tena nyingi. Kuna wiski inayobeba jina la mji huo huo wa Tullamore. Usiku mitaa ilijaa walevi, na mimi sikutoka. Asije mtu akasema nimekwenda Ulaya nikarudi na fatwa ya kuhalalisha ulevi na mchanganyiko.

Lakini mchana niliona jambo jingine. Tamasha lile lilianza mwaka 1951 katika mji wa Mullingar, na kiini chake ni mashindano. Watoto wa chini ya miaka 12 wana kundi lao, wa miaka 12 hadi 15 wana lao, wa 15 hadi 18 wana lao, kisha watu wazima. Mtoto huanza kushindana wilayani kwao, na akishinda hupanda ngazi hadi kufika pale. Wanapiga fidla, filimbi ya bati, na ngoma moja ya duara iliyowambwa ngozi ya mbuzi, inayofanana sana na dufu letu la maulidi, ila wao huipiga kwa kijiti. Pia wapo wanaoshindana kusimulia hadithi na kuzungumza lugha yao ya Kiayalandi.

Baba mzazi wa mwenyeji wangu alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini. Nilipomuuliza mahali pa kuswali, alitoa viti sebuleni, akazima redio, akawaambia wajukuu wanyamaze hadi nimalize. Baada ya swala tukakaa. Akanieleza kwa nini wanahangaika hivyo na nyimbo za mababu.

Kati ya 1845 na 1852 nchi yao ilipigwa na njaa baada ya viazi kuoza mashambani. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wapatao milioni moja wakaikimbia nchi. Wakati huo walikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Na hapa niseme jambo litakalomfurahisha Muislamu: mwaka 1847 Sultani Abdulmajid wa Dola ya Uthmaniya alitoa pauni 1,000 kuwasaidia watu hawa wasiokuwa wa dini yake, na wakuu wa Ireland wakamwandikia barua ya shukrani. Sadaka ya Muislamu ilivuka bahari karne mbili nyuma, na sisi wengi wetu hatuijui habari yake.

Mzee akaendelea. Katika karne hiyo ya 19 watoto walivishwa kijiti shingoni. Kila mtoto aliposema neno la Kiayalandi kijiti kilikatwa alama, na jioni alichapwa kwa hesabu ya alama zile. Wazazi wenyewe walikubali, wakiona Kiingereza ndicho chenye mkate. Leo katiba yao ya mwaka 1937 inaitaja lugha hiyo kuwa lugha ya kwanza ya taifa, lakini wanaoizungumza kila siku ni wachache tu. "Tuliwapa fimbo wenyewe," akasema mzee yule, "na sasa tunawapa watoto vikombe ili warudishe tulichokitupa."

Kisha akaniuliza swali dogo. "Na ninyi kwenu milimani, nyimbo zenu zinasema nini?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Mimi Msambaa, mtoto wa dada wa fundi wa mdumange, sikujua nyimbo za mjomba wangu zinasema nini. Nilikuwa nimezihukumu bila kuzisikiliza. Usiku ule nililala nikikiona kile kijiti shingoni mwa mtoto. Hakikuwa mkononi mwa Mwingereza. Kilikuwa mkononi mwangu, na aliyechapwa alikuwa mzee wangu.

Niliporudi mwaka 2009 nilipanda Lushoto hata kabla ya kufungua mizigo vizuri. Nilimkuta mjomba kibarazani. Nikampa kanzu na kofia nilizomletea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu."

Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa maneno niliyoyasema msikitini. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Ulinikataza kupiga, lakini hukuniuliza ninachopiga."

Hapo ndipo nikajua niliyostahili kuyajua mwanzo. Kwanza, miaka mingi kabla ya kemeo langu mjomba alishaweka sharti kwamba penye pombe ya miwa yeye hapigi, na adhana ikilia vijiti vinawekwa chini. Pili, nyimbo zile zilikuwa hesabu ya watu. Ukoo kwa ukoo, nani alimzaa nani, nani alihamia bonde gani, nani alimpa nani shamba na kwa mapatano gani. Tatu, na hili ndilo lililonikata maini, tangu siku ile ya kemeo mjomba hakurudi tena katika msikiti alioubebea mawe. Miaka minne mzee alikuwa akiswali chumbani kwake peke yake, kwa aibu.

Nilidhani nimemtoa mtu kwenye ngoma. Kumbe nimemtoa kwenye jamaa.

Ndugu zangu Waislamu, tuitazame dini yetu vizuri. Allah (SW) alipomtuma Nabii Musa na nduguye Harun (AS) kwa Firauni, mtu aliyedai uungu, aliwaamuru wamwambie maneno laini (20:44). Mimi sikuwa bora kuliko Musa, na mjomba hakuwa mbaya kuliko Firauni. Imam Shafii (RA) amenukuliwa akifundisha kuwa anayemnasihi nduguye faraghani amemnasihi kweli, na anayemsema hadharani amemfedhehesha. Mimi nilichagua fedheha nikaiita nasaha.

Na kuhusu mila zenyewe, mimi si mufti na sitoi fatwa. Najua maulamaa wametofautiana juu ya ala za muziki, na Qur'an inatutahadharisha na maneno ya upuuzi yanayowapoteza watu njia ya Allah (31:6). Inatutahadharisha pia tusiwafuate wazee wetu kibubusa hata walipokosea (2:170). Kwa hiyo tambiko la mizimu ni shirki, liwe la mlimani au la pwani, na halina mjadala. Pombe ni haramu, iwe ya miwa au ya chupa. Ngoma inayokesha hadi Alfajiri ikapita haina kheri.

Lakini Bukhari na Muslim wamepokea pia kuwa Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (SAW), naye akamsitiri Bibi Aisha (RA) aangalie mpaka alipotosheka mwenyewe. Umar (RA) alipotaka kuwarushia changarawe, Mtume (SAW) akamwambia awaache. Sikilizeni vizuri: aliyekuwa na hamasa ni Umar, na aliyekuwa na elimu kamili ni Mtume (SAW). Wengi wetu tumechukua changarawe za Umar bila ya kusubiri neno la Mtume.

Tena Tirmidhi amepokea kuwa Mtume (SAW) ametuelekeza tujifunze nasaba zetu kwa kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Basi niulize: kijana wa Kiislamu aliyezaliwa Temeke au Magomeni atazijua wapi nasaba zake, ikiwa bibi yake anazungumza Kisambaa yeye hakisikii, na babu yake anayezikumbuka tumemwambia anyamaze? Huwezi kumuunga usiyemjua. Qur'an imeeleza kuwa tofauti za lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara za Allah (30:22), na kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane (49:13). Tujuane, si tujivunie. Anayegeuza ukoo kuwa kiburi ametoka kwenye aya hiyo hiyo, kwa kuwa mwisho wake unasema mbora ni mwenye taqwa.

Na historia yetu ipo. Habari za Wakilindi, watawala wa Usambara tangu Mbegha hadi kina Kimweri wa Vuga, nani aliyeziandika kwa Kiswahili? Ni Muislamu, Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy. Hakuona kuwa Uislamu wake unamzuia kuandika habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe-mwitu. Aliichukua habari kama habari, na imani yake ikabaki imani yake. Wasambaa pia wana neno lao la kale, kuzifya shi, yaani kuitengeneza na kuiponya nchi. Nami nasema udugu ukikatika, nchi haiponi.

Mjomba alinisamehe. Ijumaa iliyofuata tulishuka pamoja msikitini, yeye amevaa ile kanzu. Nikasimama pale pale niliposimama mwaka 2005, nikaomba radhi mbele ya watu wale wale, maana kosa la hadharani haliombewi radhi chumbani. Mwaka uliofuata vijana walifanya siku ya utamaduni uwanjani, nami nikahudhuria na wanangu. Hapakuwa na pombe. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mjomba aliweka vijiti chini, na uwanja mzima ukamfuata msikitini. Vijana kadhaa niliowaona katika safu siku hiyo walikuwa hawajawahi kuitikia adhana kwa kemeo la mtu yeyote. Waliitikia kwa kumfuata mzee waliyempenda.

Mjomba alirejea kwa Mola wake mwaka 2016. Allah amrehemu. Kabla ya hapo binti yangu alikaa naye likizo mbili, akaandika katika daftari majina ya vizazi saba. Katika majina yale tukagundua kuwa familia moja tuliyokuwa tukipishana nayo Tanga mjini kama wageni ni damu yetu. Leo tunazikana na kuozana.

Basi nawausia, nikianza na nafsi yangu. Ukiona jambo la mzee wako usilolielewa, muulize kwanza. Ukiona kosa, mwambie mkiwa wawili. Chekecha: kilicho shirki, ulevi na uchafu kitupe bila ya huruma, na kilicho kumbukumbu, lugha na udugu kihifadhi. Likizo hii mpeleke mwanao kwa bibi yake akiwa na daftari. Na kama yupo mzee aliyeacha kuja msikitini kwa sababu ya ulimi wako, safari yako ya kwanza iwe nyumbani kwake, kabla hujaswaliwa wewe au hujamswalia yeye.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na wazee wetu, na utujaalie ulimi unaojenga. Amin.

Wabillahi tawfiq.